Kilio cha Shilingi Mia Mbili

Seif mkalimani ndiye aliyeleta habari kwamba picha ile itakula shilingi milioni arobaini. Watu wa Mkuyuni wakacheka mpaka wakashika mbavu. Milioni arobaini! Mwaka ule wa hamsini na sita ng'ombe mzuri wa mahari ulimpata kwa shilingi mia, na muuzaji akakuachia na kamba yake. Lakini Seif, aliyekuwa akipima majora dukani kwa baba yake mjini kabla Wazungu wa sinema hawajamchukua awatafsirie, alisimama mikono kiunoni kana kwamba pesa zenyewe zinatoka mfukoni mwake.

"Chekeni tu," alisema. "Hakuna picha ghali kama hii iliyowahi kutengenezwa duniani. Meli imekodiwa miezi mitatu ikae pale majini ionekane, basi. Barafu inakuja kwa ndege kutoka Nairobi. Na kile kijiji mnachoona kinajengwa, nyumba thelathini, zote ni mbele tupu, nyuma hakuna kitu. Wakimaliza wanakichoma."

"Wanakichoma?" aliuliza Kashindye.

"Moto, Mama Ndalahwa. Mpaka majivu."

Kashindye aliguna. Yeye nyumba yake ilikuwa na mbele na nyuma, ila juu ilivuja. Mumewe Maige alikuwa amekufa miaka kumi na moja nyuma, na katika watoto wanne alibakiwa na mmoja, Ndalahwa, kijana wa miaka ishirini na miwili aliyebeba marobota ya pamba kiwandani. Kwa jina la kijana huyo ndivyo alivyoitwa yeye, hata la kwake mwenyewe alikuwa karibu kulisahau. Sasa Ndalahwa alikuwa ameona binti huko Misungwi, na baba wa binti alitaka ng'ombe kumi na wawili. Kashindye alikuwa na mbuzi mmoja, tena mgonjwa.

Kwa hiyo Seif aliposema wanatafutwa wanawake wa kulia kwenye mazishi ya picha, shilingi tatu kwa siku, Kashindye alikuwa wa kwanza kwenye foleni, na nyuma yake jirani yake Getruda.

Mazishi yalikuwa ya uongo, jeneza lilikuwa tupu, lakini kaburi, jamani, kaburi walilichimba kweli. Lilikuwa kina cha kifua cha mtu mzima, kwenye kilima kidogo juu ya ziwa, kando ya yale mawe makubwa matatu. Hapo ndipo wanawake walipoacha kucheka. Kwetu hata mtoto anajua kwamba kaburi likishachimbwa haliachwi hivi hivi. Marehemu akizikwa kwingine, au maiti isipopatikana ziwani, unakatwa mgomba, unalazwa mle kama mtu, kisha kaburi linafukiwa. Likibaki wazi, linasubiri.

"Wakimaliza, mgomba watatia?" Getruda alimuuliza Seif.

Seif akamuuliza Mzungu, Mzungu akacheka, akasema usijali, watafukia.

Basi wakaanza. Jeneza likashushwa, wanawake wakalia, na Kashindye akamlilia marehemu mumewe. Mkubwa wa picha akapiga kelele, watu wakasimama. Ikarudiwa. Ikarudiwa tena. Mara ya saba jua lilikuwa utosini, na Seif akaja mbio, jasho linamtiririka.

"Mama Ndalahwa, nakuomba. Kila wanaporudia pesa inateketea, Wazungu wale wanatafutana uchawi. Mkubwa anasema sauti unayo wewe, lakini unalia mdomo tu, moyo haupo. Ukilia kweli atakupa mia mbili. Mkononi, leo hii."

Mia mbili! Ng'ombe wawili kwa kulia mara moja!

Kashindye alisogea ukingoni mwa kaburi. Alimtafuta Maige moyoni, hakumpata; miaka kumi na moja ilikuwa imeshamkausha. Aliwatafuta wale watoto watatu, nao alikuwa ameshawalia wakaisha. Akatazama chini, kwenye udongo mwekundu. Kilichomjia ni kile alichokiogopa kila usiku tangu abaki na mtoto mmoja, na kilimtoka kabla hajakizuia.

"Ndalahwa! Ndalahwa mwanangu, umeniacha na nani?"

Alianguka magoti. Aliita jina lile tena na tena, akijipiga kifua. Wenzake wakapasuka kwa kilio, na safari hii hapakuwa na mtu aliyeigiza. Waliogopa.

Mkubwa wa picha alipiga makofi. Seif akaleta noti. Getruda akamshika Kashindye mkono mpaka kucha zikaingia.

"Umefanya nini? Mtu mzima na akili zako!"

"Nimelilia mahari yake."

"Umemlilia yeye! Mzima, anakula, anatembea, umemlilia juu ya kaburi wazi!"

Kashindye aliwaapisha wanawake wote pale pale wasimwambie kijana. Kisha akamwendea Seif, akasema kaburi lifukiwe sasa hivi, mgomba ataleta yeye mwenyewe shambani kwake, hataki hata senti. Seif akaenda, akarudi anatazama viatu vyake.

"Hawataki, mama. Wiki ijayo wanapiga tena pale pale. Likiguswa wataingia hasara."

Milioni arobaini, na mgomba wa bure ukawa hasara! Wiki iliyofuata mvua ikanyesha siku tisa. Wazungu wakachoma kijiji chao, wakafunga virago, wakaenda kumalizia picha yao kwingine. Kaburi walilifunika mbao.

Na Ndalahwa hakurudi nyumbani. Jioni ile ile ya kilio mama yake alipika ugali na samaki furu, akangoja mpaka chakula kikapoa. Blanketi lake lilikuwepo, shati lake la Jumapili lilikuwepo. Kiwandani walisema asubuhi aliomba ruhusa. Kashindye alipita nyumba kwa nyumba kuwauliza wale wanawake nani kamwambia. Wote walikula yamini kwamba hawakufungua mdomo, na walisema kweli. Basi kama hakuambiwa na mtu, nani alimchukua? Kashindye alijua. Kaburi lilikuwa hatua mia nne kutoka mlangoni kwake.

Mtu atauliza kwa nini hakulifukia yeye. Mwulize mama yeyote. Kutia mgomba mle kungekuwa kukubali kwamba mwanawe amekwisha, na yeye hakukubali. Kila asubuhi, akienda kuteka maji, alifunua ubao mmoja akachungulia. Aliona maji ya mvua na vyura. Akafunika, akapumua, akaendelea na safari yake. Upepo wa ziwani ulipovuma mbao zile ziligongana, naye alikuwa akiamka kitandani akiitika, "Karibu!" kabla hajakumbuka ni nini kinachogonga.

Alifanya hivyo miaka mitano. Aliomba watu wamwandikie barua za kumtafuta Geita, Mwadui, Shinyanga, hata Kampala, na zote zilijibiwa kwamba hakuna mtu wa jina hilo. Chenge, mtoto wa Getruda, alikuwa mchimbaji kule kwenye dhahabu ya Geita, na kila Krismasi akija likizo Kashindye alimfuata.

"Haki ya Mungu, mama, sijamwona," Chenge alisema kila mwaka, akiwa ameinama anafunga kamba za viatu.

Zile mia mbili zilikaa kwenye mkebe. Hazikuguswa.

Mwaka wa sitini na moja, wiki moja kabla ya Uhuru, mji mzima ukipakwa chokaa, picha ikafika. Seif, ambaye sasa alikuwa na duka lake mwenyewe, alileta tiketi mbili, bado anajua hesabu zote.

"Mwishowe ilikula milioni hamsini na tano," alisema, lakini bila ile mikono kiunoni. "Nasikia haijarudisha hata nusu. Twende, Mama Ndalahwa. Umo."

Kashindye hakutaka. Getruda akamburuta, Jumapili saa kumi, kwenye sinema ya mjini.

Picha yenyewe ilichosha. Wazungu walibishana, wakabusiana, vijana wakapiga miluzi. Ile meli iliyokodiwa miezi mitatu ilipita kufumba na kufumbua. Kisha kikaja kilima na yale mawe matatu.

Kashindye alijiona anasogea ukingoni. Aliisikia sauti yake ikitoka ukutani, kubwa, ikimwita Ndalahwa. Mahali fulani mbele mtu mmoja akaanza kulia. Siku ile alikuwa amedhani kamera inamtazama yeye peke yake. Kumbe ilikuwa ikipanda polepole juu ya vichwa vya waombolezaji ili ioneshe ziwa, na kule nyuma, kando ya mawe, walisimama wanaume wawili. Mmoja alikuwa na kofia ngumu ya wachimbaji.

"Yule si Chenge wangu? Mbona siku ile hakufika nyumbani?" Getruda alinong'ona.

Wa pili alivaa shati lenye kiraka begani. Kashindye alikijua kile kiraka, alikishona yeye. Ndalahwa alivua kofia yake, kama anavyovua mtu aliyepita kwenye mazishi ya watu. Alisimama akasikiliza mpaka mwisho. Kisha Chenge akamshika mkono, wakaondoka, na ziwa likabaki peke yake.

"Alikuwepo," alisema Kashindye kwa sauti, na watu wakageuka. "Jamani, alikuwepo! Alinisikia!"

Hakutazama tena. Machozi yalimtoka, na pamoja na machozi akaelewa barua zile. Mtu aliyeliliwa na mama yake mzazi juu ya kaburi wazi hawezi kuendelea kutembea na jina lile lile. Kule alikokwenda alikuwa ameliacha. Kama alikuwa hai, barua zile zilikuwa zikimtafuta mtu ambaye hayupo.

Jumatatu asubuhi alikata mgomba. Getruda, aliyekuwa amekesha akimlaani mwanawe, alikuja na jembe bila kuitwa. Walitoa mbao. Kashindye aliufunga mgomba katika blanketi la mwanawe, wakaushusha.

"Ndalahwa, lala," alisema.

Hawakulia. Walifukia mpaka juu, wakakanyaga udongo, wakanawa mikono ziwani.

Siku ya pili yake alitoa zile mia mbili kwenye mkebe, akavuka kwa pantoni, akapanda lori la kwenda Geita. Alimkuta Chenge nje ya kambi ya wachimbaji, anafua. Chenge alipomwona aliacha shati likazama kwenye karai.

"Mama, aliniapisha. Aliniambia nikisema tu, nimemuua."

"Sijaja kukugombeza. Yuko wapi?"

"Yuko zamu, anatoka saa nane. Hapa anaitwa Msafiri."

Kashindye alisimama getini tangu saa sita. Saa nane wakatoka, wekundu kwa vumbi, na mmoja wao akasimama ghafla hatua kumi mbele yake. Alikuwa amekomaa, ana ndevu. Jina lilimpanda Kashindye mpaka kwenye meno, akaliuma.

"Shikamoo," yule mtu alisema.

"Marahaba."

"Unamtafuta nani, mama?"

"Sina jina lake," alisema Kashindye. "Ndalahwa nimemzika jana. Nimetia mgomba ndani ya blanketi lake, nimefukia mpaka juu, na Getruda ni shahidi."

Mwanaume yule alisogea hatua moja.

"Kaburi limefungwa?"

"Limefungwa."

Basi akakaa chini pale pale kwenye vumbi, watu wanapita, akalia kama mtoto. "Nilikuwa nakuja kukwambia nimepata ndama wa kwanza," alisema. "Nikakuta unanililia. Mama, nilitamani kurudi kila mwaka. Niliogopa. Nilisema nikikanyaga tu Mkuyuni, kaburi litanijua."

Kashindye alichuchumaa mbele yake. Alimfuta vumbi usoni kwa ncha ya kanga, akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku kama anayekagua mtoto aliyeanguka.

"Halikujui," alisema. "Lina mtu wake. Umekula?"

Akamwinua, wakaanza kutembea kuelekea kwenye vibanda vya chakula, ameshika mkono wake kwa nguvu zote.

"Mama Ndalahwa!" Chenge aliita kwa nyuma, mikono bado ina povu. "Mama Ndalahwa, mmeonana?"

Aliita mara mbili. Wote wawili hawakugeuka.