Salamu za Miezi Mitatu

Kabla hakujapambazuka nilisikia simu ikitetemeka juu ya mfuniko wa sufuria, grrr, grrr. Mume wangu akajigeuza kitandani.

"Katibu wako keshaamka," akanitania.

Katibu ndilo jina aliloipa programu niliyofundishwa kwenye darasa la jioni. Mimi ni fundi cherehani; naingiza tarehe za wateja wangu, yenyewe inawatumia salamu. Nilijivunia kweli. Nani ana muda wa kumpigia kila mtu, na mtoto anakuvuta sketi?

Nikafungua simu. Saa kumi na moja alfajiri Katibu alikuwa amemwandikia Mwalimu, mteja niliyemshonea magauni mawili ya ujauzito: "Hongera, mama! Mtoto ametimiza miezi mitatu. Mlete tumpime nguo."

Naye alikuwa amejibu: "Fundi, mtoto wangu hakuzaliwa hai. Hukujua?"

Sikujua. Tarehe ya kujifungua nilimwuliza mwenyewe, futi ya kupimia ikiwa imelizunguka tumbo lake. Mtoto akapiga teke, tukacheka wote wawili. Tarehe nikaiingiza kwenye simu. Basi. Toka siku hiyo sikumuuliza chochote tena.

"Mtumie ujumbe wa pole," mume wangu akasema. Utani ulikuwa umemwisha.

"Ujumbe tena?"

Yeye alikuwa anawahi zamu kazini, kwa hiyo nikamvalisha binti yetu wa miaka minne, tukatoka naye kwenda kwa Mwalimu. Njiani nilipanga maneno, nikayapangua, nikayapanga.

Mwalimu alifungua mlango nusu. Macho yamevimba.

"Umefuata vipimo?"

Kejeli ile ilinipasua. "Mwalimu, nimekuja..."

"Majirani walikuja. Hata muuza maziwa alikuja. Nilikutazamia wewe, Fundi, maana wewe ulimgusa akiwa tumboni. Nikajisemea, ana shughuli nyingi. Kumbe ulikuwa unanihesabia miezi!"

"Si mimi, ni..." Ningesema ni nani? Tarehe niliiingiza kwa vidole vyangu hivi hivi. Nilitaka kumshika mkono, nikashindwa kujua kama bado nina ruhusa hiyo.

Akaanza kuurudisha mlango, taratibu, bila hasira, kama mtu aliyemaliza mazungumzo na mimi kabisa.

Binti yangu akauzuia kwa kiganja, akamtazama usoni, akasema kwa sauti:

"Mama amelia njia nzima."