Kipa Aliyesimamishwa

Kinyozi alikuwa amefika nyuma ya sikio la mwalimu wa hesabu, mahali ambapo wembe hautaki maneno mengi, redio iliposoma habari za michezo. Klabu imemsimamisha kipa wake, ilisema, hadi itakapotangazwa vinginevyo. Kipa mwenyewe, waliyemwita Komeo kwa sababu lango lake halikufunguka kirahisi, alikuwa kwenye benchi akisubiri zamu ya kunyolewa. Akasimama. Alipotaka kukaa tena magoti yalikataa, na nyayo zilikuwa zimeshika sakafu kana kwamba zimepigiliwa misumari.

"Shemeji," kinyozi akasema bila kugeuka, maana Komeo alikuwa amemwoa dada yake, "hapo ulipo unanizibia taa."

"Nimesimamishwa."

"Nimesikia. Si ungesimamishwa kule kwenye pembe, sisi tukafanya kazi?"

Walijaribu kumsukuma, mwalimu akisaidia huku povu likimtiririka shingoni. Hakusogea hata kidogo. Kinyozi akahamisha taa, akamalizia sikio.

Kosa lake mtaa mzima ulilijua. Katika mechi iliyopita ilipigwa kona, beki wa kati aitwaye Ngao akaruka, akagongana vichwa na straika wa wageni, akaanguka kama gunia. Alipozinduka aliuliza harusi hii ni ya nani. Daktari wa timu alikuwa mkwe wa mwenyekiti, na alichosomea hasa ni chanjo za kuku. Akampulizia dawa ya baridi utosini, akamwambia uko fiti, rudi. Hapo Komeo akaliacha lango wazi, akavuka uwanja na kumshika Ngao mkono kama mtoto anayevushwa barabara, ili amtoe nje. Wageni nao si wajinga, wakafunga. Baada ya mechi Komeo akaiambia redio kwamba mtu akigongwa kichwa atolewe na apimwe, hata kama ni fainali, na kwamba klabu hii itaua mtoto wa watu.

"Timu ni kubwa kuliko mchezaji," alisema fundi redio, ambaye duka lake lilikuwa jirani lakini maisha yake aliyamalizia hapa kwa kinyozi. "Kipa anaacha lango? Kipa! Ni sawasawa na rubani kuruka nje ya ndege eti abiria mmoja anatapika."

"Kichwa si goti, bwana," mwalimu akajibu. "Goti likiharibika unachechemea. Kichwa kikiharibika utachechemea na nini?"

"Enzi zetu tulicheza tumevunjika mbavu, na hakuna aliyelia."

"Ndiyo maana unatuhadithia jambo hilo hilo kila siku, na kila siku unadhani ndiyo mara ya kwanza."

Watu wakacheka. Komeo naye akacheka, kisha akamshikia mteja mmoja koti lake. Tangu hapo wateja wakazoea kumtundikia makoti. Akiombwa radhi, alisema hamna neno.

Jioni mke wake alikuja na chakula, tumbo mbele, maana mimba ilikuwa kubwa. Akamtazama kuanzia nyayo hadi kichwani.

"Wamekusimamisha kwa muda gani?"

"Hawakusema."

"Na huyu aliye tumboni nimwambie asubiri tangazo?"

Hakungoja jibu. Akamlisha, akapima kwa macho nafasi iliyomzunguka mumewe, na kesho yake akarudi na pazia aliloshona mwenyewe. Mambo mengine yalipangwa kwa ndoo na pazia hilo, na wenye adabu hawakuuliza. Komeo alijifunza kulala wima, paji la uso likiegemea kioo. Miguu ilivimba, viatu vikapasuliwa kwa mkasi wa dukani. Alitamani kukaa kuliko alivyowahi kutamani kombe lolote, na hakuona aibu kulisema hilo.

Ngao alikuja kila siku. Aliingia na jezi yake, soksi zimevutwa hadi magotini, njumu zikigonga sakafu, akakaa kwenye kiti cha wateja. Kwake yeye mapumziko yalikuwa hayajaisha.

"Kaka Komeo, kipindi cha pili kinaanza saa ngapi?"

"Bado kidogo. Pumzika kwanza, ndugu yangu."

Ngao alishukuru, akafumba macho. Siku nyingine kinyozi alimnyoa, ili asikalie kiti cha wateja bure. Siku za mechi gari la klabu lilisimama mlangoni, dereva akaingiza kichwa na kusema kinaanza sasa, na Ngao akatoka mbio. Alicheza vizuri mno, kwa hasira ya mtu anayetaka mechi iishe aende nyumbani. Magazeti yakamsifu. Komeo hakuyasoma. Yeye ndiye aliyempeleka hospitali usiku wa mechi ile ya kugongana, na daktari wa hospitali alimwambia bila kuzunguka: kichwa hiki kikigongwa tena, kijana huyu hataamka, au ataamka mahali pengine.

Mtoto akazaliwa, wa kike. Aliletwa kwa kinyozi kuonana na baba yake, naye akampakata kwa uangalifu, akiogopa kwa sababu hakuweza kuinama. Mama mtu alipomchukua tena amnyonyeshe alisema, kwa sauti ya chini, "Baba watoto, nimechoka. Waombe radhi uje nyumbani."

Habari zikafika klabuni, na mwenyekiti akaja kupokea radhi hiyo mwenyewe. Alikuja kama alivyokwenda kila mahali, ameketi, vijana wanne wakimbeba na kiti chake. Hakuna aliyekumbuka lini alionekana nje ya kile kiti, na hakuna aliyeshangaa, kwani mwenyekiti bila kiti ni nani? Wakamtua mbele ya Komeo. Mmoja alikuwa amekaa na mwingine amesimama, lakini aliyetazamwa kutoka juu alikuwa Komeo.

"Mwanangu, mimi sina kinyongo," mwenyekiti akasema. "Useme tu kwamba ulisema uongo. Ngao ni mzima, daktari wetu alifanya kazi yake. Useme, ukae."

Mke wa Komeo akavuta kigoda, akakisogeza nyuma ya magoti ya mumewe. Fundi redio akazima redio, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

"Ile siku," Komeo akaanza, "nilisema uo..."

Magoti yakalegea. Kila mtu aliyaona yakikunjika, polepole, kama magoti ya mzee anayekaribia kitanda. Uso wake ulijaa raha hata akafumba macho.

"Kaka Komeo," Ngao akauliza kutoka kwenye kiti cha wateja, "kipindi cha pili bado?"

Komeo akafumbua macho.

"Bado," akasema. "Na wewe hutacheza. Umegongwa kichwa, wamekurudisha uwanjani, na hawa wanajua."

Magoti yakanyooka kwa kishindo. Mwenyekiti akatazama saa yake. Mke akakivuta kile kigoda, akakikalia mwenyewe na mtoto wake, akalia. Alilia kwa hasira, wala hakujificha, na hasira yenyewe hakujua ampe nani, kwa hiyo akawapa wale vijana waliokuwa karibu.

"Nyie mnaombeba, si mmesikia? Mbebeni basi, anatuzibia mlango!"

Wiki hiyo klabu ilipitisha fagio. Kocha akatimuliwa, wasaidizi wakatimuliwa, kipa mpya akasajiliwa, rangi ya soksi ikabadilishwa. Daktari wa timu hakuguswa na fagio. Alipandishwa cheo akawa mkuu wa usalama wa wachezaji, na kanuni yake ya kwanza ikasomwa redioni: mchezaji aliyegongwa kichwa atatolewa, mradi akumbuke kuomba.

"Hiyo sasa ndiyo kanuni," fundi redio akasema. "Haimlazimishi mtu."

"Ni ya kijinga," mwalimu akasema.

"Lakini ipo. Mlitaka kanuni, mmeletewa."

Mwalimu alifikiri, akakiri kwamba ipo. Wakahamia kwenye suala la kipa mpya, kama mikono yake ni mirefu ya kutosha. Wakamwomba Komeo anyooshe yake ili walinganishe.

Mechi iliyofuata waliitazama humo humo, kwenye televisheni ndogo iliyowekwa juu ya kabati la taulo. Ilipigwa kona. Ngao akaruka, na mlio wa vichwa viwili ukasikika hadi mtaa wa pili, ingawa sauti ya televisheni ilikuwa imepunguzwa kwa ajili ya mtoto. Akaanguka. Duka zima likanyanyuka.

"Inuka, Ngao!" walipiga kelele, mwalimu naye pia, kwa mapenzi ya kweli. "Inuka, baba! Inuka, mwamba!"

"Lala hapo hapo," Komeo akamwambia yule mtu kwenye kioo cha televisheni. "Lala, mdogo wangu. Usiinuke."

Ngao akainuka. Mkuu wa usalama akampulizia dawa, akampigapiga begani, na mechi ikaendelea. Watu wakapumua, wakakaa. Timu ilishinda, na mtaani honi zilipigwa hadi jioni.

Kesho yake Ngao alikuja kama kawaida, jezi imefuliwa. Kichwa kilikuwa na uvimbe ambao kinyozi aliuzunguka kwa kitana bila kuutaja. Akakaa, akatazama dukani taratibu, kama mtu aliyefika ugenini na hajajua amsalimie nani kwanza.

"Samahani, wakubwa," akasema. "Mechi inaanza saa ngapi? Nimeitwa nije nifanye majaribio. Nimeambiwa hapa kuna kipa mzuri sana, sijawahi kukutana naye."

Komeo aligeuza uso ukutani, makoti ya watu yakiwa bado mabegani, na machozi yakamtoka. Ngao akamwona. Alikuwa amelelewa vizuri yule kijana. Akasimama upesi, akapangusa kiti kwa kiganja.

"Kaka, mbona umesimama na miguu imekuvimba hivyo? Njoo ukae hapa. Mimi sijachoka, hata sijaanza kucheza."