Barafu ya Peguy

Alfajiri Peguy alipapasa mguu wa mbele wa Komando, farasi wa mbio anayemtunza mwaka wa tatu sasa, akaukuta wa moto kama pasi. Akamwambia bosi asimkimbize leo. Bosi hakuinua hata macho kutoka kwenye simu yake. "Daktari wa mbio ndiye anaamua, si wewe."

Eish! Daktari haji kabla ya saa nne, na mnyama anaumia. Peguy akajaza barafu kwenye ndoo, akautumbukiza mguu humo, akapiga magoti akimbembeleza Komando mpaka akatulia.

Daktari alipofika aliushika mguu. "Baridi kabisa. Atakimbia."

"Dokta, huyu iko mgonjwa! Asubuhi mguu ulikuwa moto!"

"Mimi naandika ninachokigusa." Akasaini, akaondoka.

Peguy alibaki akimtukana kimoyomoyo. Daktari gani huyu? Anashindwaje kuona kitu ambacho hata yeye, aliyekuwa fundi simu tu kule Goma, alikigundua gizani?

Gari la daktari lilipotoka getini, bosi aliisukuma ile ndoo kwa ncha ya kiatu, akatabasamu.

"Asante kwa barafu, Peguy. Bila wewe asingepita."