Katekista wa Mlima Jali

Twagirayezu alikuwa katekista ambaye mama yake aliita mizimu. Watu wa mlima Jali hawakuona ajabu. Asubuhi walimletea yeye watoto wafundishwe Baba Yetu, na jioni wakazunguka nyuma ya nyumba ile ile kumwona Nyirarukundo, kwa kuwa binti hashiki mimba au ng'ombe amemkataa ndama. Huko nyuma mama alikuwa na kijumba cha nyasi, mti wa umurinzi wenye maua mekundu, na nyimbo za Ryangombe, mkuu wa mizimu. Hapakuwa na mtu mwingine mlimani aliyezijua zote.

Padri Hendriki, Mbelgiji aliyezeekea Rwanda, alivumilia hayo mpaka mwaka wa pili wa uhuru. Ndipo alipomkuta mwanamke aliyepokea komunyo asubuhi akitoka nyuma ya nyumba ya katekista na majani ya dawa kifuani. Akamwita Twagirayezu kwenye sakristia, nyuma ya altare.

"Jumapili baada ya misa utakata ule mti na kuchoma kile kijumba," alisema. "Wewe mwenyewe, watu wakiona. Ama sivyo nitafute katekista mwingine."

"Ni mama yangu, Padri."

"Ndiyo maana nakuachia wewe. Mimi ningemvunjia heshima."

Jumapili ikafika. Umurinzi ni mti laini, haukumchelewesha. Nyirarukundo alikaa mlangoni mwa nyumba ya mwanawe akichambua maharagwe mpaka nyasi ziliposhika moto. Aliposimama, watu walirudi nyuma wakingoja laana.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza, mama."

"Basi nipishe nichukue mkeka wangu."

Akashuka nao Kigali. Mukandekezi, mke wa Twagirayezu, alitaka kumfuata, mumewe akamshika mkono.

Mama alifikia Biryogo, mtaa wa Waislamu, kwa fundi cherehani Sudi. Mke wa Sudi alikuwa amekaa miaka bila mtoto, akapandishwa Jali kwa siri, na sasa walikuwa na mapacha. Sudi hakuuliza lolote. Alimpa mgeni wake chumba cha uani.

Huku juu Padri alimtaja katekista katika mahubiri, akamfananisha na Abrahamu. Kilichokuja kumuuma Twagirayezu baadaye ni kwamba sifa ile ilimpendeza.

Siku moja alitumwa kwa Sudi na kanzu ya Padri iliyochanika. Sudi hakuacha kukanyaga cherehani.

"Mama yuko uani, Katekista. Ingia. Hapa hatufukuzi mtu."

Nyirarukundo alikuwa akimenya karanga pamoja na mapacha. Alikuwa amekonda, lakini sauti ilikuwa ile ile.

"Rudi nyumbani, mama," Twagirayezu alisema. "Batizwa tu. Ni maji kidogo kichwani, mambo yaishe."

"Kama ni maji kidogo tu, mbona uliyachomea nyumba yangu?"

Mama aliuliza kama kikohozi cha Mukandekezi kimepona, kisha akamfungia karanga za kula njiani.

Miaka michache ikapita hivyo. Wakati wa mvua za masika Sudi alipanda Jali mwenyewe, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Mama alikuwa hoi na alikuwa akimtaja mwanawe. Twagirayezu alimwambia Sudi atangulie, yeye anamfuata. Kwanza akapitia misheni kuomba ruhusa.

"Akiomba ubatizo, nitashuka nawe mimi mwenyewe," alisema Padri Hendriki. "Asipoomba, katekista atafanya nini kitandani kwa mganga? Watu wataona kwamba siku ile ya moto tulikuwa tunacheza."

Twagirayezu akarudi nyumbani, akangoja habari kwamba mama ameomba ubatizo. Habari iliyokuja ni kwamba amezikwa.

Padri Hendriki aliugua akarudishwa kwao. Aliyechukua nafasi yake alikuwa kijana mwenye ndevu, Padri Yohani, mcheshi, aliyekula ugali wa mtama kwa mkono. Sasa misa ilisomwa kwa Kinyarwanda, na Padri Yohani akaingiza ngoma kanisani. Alitaka na nyimbo za zamani, azitie maneno mapya.

"Nasikia mama yako alizijua zote," alimwambia Twagirayezu. "Ni hasara kubwa. Wewe unazikumbuka?"

Alizikumbuka. Alizisikia tangu akibebwa mgongoni.

"Sizijui, Padri."

"Watu wanasema unazijua."

"Nilifundishwa kwamba ni za shetani. Nikachoma nyumba ya mama yangu kwa ajili hiyo."

Padri Yohani alimwekea mkono begani. "Zilikuwa nyakati nyingine hizo, ndugu yangu. Tusikae katika yaliyopita."

Twagirayezu aliuondoa ule mkono. Akaombwa tena, akakataa tena. Kabla ya Noeli aliambiwa kwa upole kwamba Kanisa linahitaji watu wenye moyo mwepesi wa kupokea mapya, na ukatekista ukapewa kijana Ndayisaba, aliyetoka shuleni. Nyimbo zilipatikana vipande vipande kwa wanawake. Vingi vilitoka kwa Mukandekezi, aliyekuwa akilima pamoja na mama mkwe.

Mtu asiye na kazi hahitaji ruhusa. Twagirayezu alishuka Biryogo. Sudi alimpeleka kwenye migomba yake, mahali palipoinuka kidogo.

"Hatukumswalia, hakuwa Mwislamu," alisema Sudi. "Lakini tulimwosha, tukamchimbia. Wanangu ndio waliomwagia udongo wa kwanza."

Twagirayezu alichuchumaa. "Alisema nini?"

"Aliuliza kama umefika. Kila mlango ukilia, aliuliza. Nikamwambia uko njiani."

"Kwa nini ulimwambia hivyo?"

"Nilidhani ni kweli," alisema Sudi, akaenda kuswali alasiri.

Twagirayezu alibaki pale mpaka jua likaacha migomba. Alipofika Jali mlango ulikuwa umerudishwa tu na moto umezimika. Mukandekezi alikuwa bado kanisani, akiwafundisha wenzake zile nyimbo.