Supu ya Don Gaspare

Liborio aliuawa Jumanne saa sita mchana, jua la utosini, hatua arobaini kutoka barabara kuu ya Castelmurro, na hakuna aliyesikia kitu. Risasi mbili za bunduki ya kuwindia sungura, jamani! Mwashi alisema alikuwa amelala. Padri alikuwa anasali. Masi, jirani wa ukuta kwa ukuta, alisema alidhani ni radi, na siku hiyo hapakuwa na wingu hata la dawa. Sajini wa askari akaandika radi kwenye daftari lake. Alikuwa mtu wa bara, hajatuzoea.

Kosa la Liborio lilikuwa kisima. Huku Sisilia ukiwa na malimau bila maji, una kuni tu, na maji yote ya bonde lile yalikuwa ya Don Gaspare. Aliyapataje? Babu yake alikuwa mlinzi wa mashamba ya bwana mmoja aliyekaa Palermo akila raha, asiyekuja kuliona limau lake hata mara moja. Mlinzi akashika bunduki. Mtoto wa mlinzi akashika mifereji. Mjukuu, ndiye huyu Don Gaspare, akashika vyote vilivyobaki: kazi, kura, hata nani amuoe nani. Sasa Liborio akaenda kuchimba kwenye kijishamba cha marehemu baba yake, akapata maji, akaanza kuwagawia majirani bure. Bure! Afadhali angeiba.

Mama yake, Venera, alikuwa ameshaonywa. Jumapili, mlangoni pa kanisa, Don Gaspare alimvulia kofia, akamuuliza habari za miguu yake, kisha akasema, "Mwambie mwanangu afukie lile shimo, mama. Maji ya chini yana baridi. Yatamletea homa." Alimwita mwanangu kwa haki kabisa, maana yeye ndiye aliyemshika Liborio siku ya ubatizo. Venera akaufikisha ujumbe. Liborio akacheka. "Homa? Mwambie nina koti."

Castelmurro nyumba yenye maiti haiwashi moto. Jiko hukaa baridi siku tatu, na chakula huletwa na watu wa karibu. Siku ya kwanza ni ya baba wa ubatizo, wa marehemu mwenyewe au wa mtoto wake, ndiyo heshima yake. Kwa hiyo tangu wanamwosha mwanawe Venera alijua ni nani atakayeingia mlangoni, na amebeba nini. Alijua pia kwamba ukila chakula cha msiba umeukubali mkono uliokileta. Sufuria ikirudi imejaa, umemtaja mtu bila kufungua mdomo. Naye alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja, Saverio, mwenye miaka kumi na tisa na ulimi mrefu. Sufuria ikirudi imejaa, Saverio hataiona Pasaka.

"Akija huyo mbwa," Saverio alisema, "mmwagie supu yake miguuni."

"Nyamaza."

"Ukiila, mama, mimi si mwanao tena."

"Nimesema nyamaza!"

Don Gaspare hakutuma mtumishi. Alikuja mwenyewe, sufuria kaishika kwa mikono miwili, anapita katikati ya barabara na watu wote wamejaa vizingitini. Supu ya kuku, tambi nyembamba, mkate uliotoka tanurini sasa hivi. Akaiweka mezani, akapiga magoti mbele ya jeneza, akalia. Machozi ya kweli, nakwambia, mashavu yameloa chepechepe. Mtu yule alikuwa na kipaji.

Kisha akapakua mwenyewe. "Kula, mama. Marehemu hatapumzika wewe ukikaa na njaa."

Venera akautazama mkono ulioshika bakuli. Ulikuwa safi, kucha zimekatwa vizuri. Mkono usioweza kuukata, ubusu, ndivyo walivyosema wahenga, lakini hawakusema kwamba mwanao atakuwa amelala pale pembeni ukiubusu. Akachukua kijiko, akala. Na supu ilikuwa tamu, Mungu amsamehe! Alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu jana yake, na tumbo lake likafurahi. Hilo hakujisamehe maisha yake yote.

"Na Saverio?" Don Gaspare akauliza kwa upole, bakuli la pili mkononi.

Watu wote chumbani wakaangalia sakafu. Saverio akatema mate, akatoka nje.

"Tumbo linamsumbua," Venera akasema haraka. "Lete hapa. Nitamlia mimi sehemu yake."

Akala na hilo la pili. Akafuta bakuli kwa mkate, akamwonyesha lilivyo tupu. Don Gaspare akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akamshika bega. Sajini aliyekuwa amesimama kando ya mlango akasogea na daftari lake.

"Mama, kuna mtu unayemshuku?"

"Mimi?" Venera akajifuta mdomo. "Mwanangu hakuwa na adui. Si walikwambia ilikuwa radi?"

Basi, mambo yakaisha hivyo. Kisima kikafukiwa kwa mawe. Saverio akahama nyumbani, akapanga chumba, akawa anakula kilabuni, akimpita mama yake njiani kama anapita nguzo. Venera alivumilia. Acha anichukie, alijisemea, chuki haitoboi kifua. Kila asubuhi alichungulia dirishani kuona kama mwanawe yu hai, na alipomwona anakatiza barabara alimshukuru Mungu, akaendelea na kazi zake.

Mwaka uliofuata mvua ilikataa. Zamu za maji zikapunguzwa, malimau yakaanza kupukutika yangali mabichi. Masi, yule aliyesikia radi, alikuwa na mke, Cettina, na mtoto mchanga waliyembatiza wakati wa Pasaka. Walimwomba Saverio awe baba wa ubatizo, nadhani kwa aibu yao ya ile radi. Mwezi wa tisa Masi akachukua jembe, akaanza kuchimba upande wake wa ukuta.

Wiki hiyo hiyo Saverio akaja kwa mama yake, mchana kweupe. Viatu vipya. Bunduki begani. Kiunoni funguo za mifereji. Mkononi kuku hai, mguu umefungwa kamba.

"Umefanya nini wewe?" Venera akauliza.

"Nimepata kazi."

"Kwa nani?"

"Usijitie ujinga, mama, haukupendezi. Kwa yule uliyekula supu yake."

"Nilikula ili uishi!"

"Si ndiyo naishi, hunioni?" Akacheka, na kicheko kilikuwa cha Liborio mtupu. "Nilikuwa dirishani siku ile. Ulikula mabakuli mawili, na kaka yupo pale pale kwenye jeneza. Nikasema, kama mama ameweza, mimi ni nani hata nisuse?"

Lakini mwanawe alikuwa jikoni kwake, mara ya kwanza tangu msiba, na mama ni mama. Akampokea kuku, akanyoosha mkono kuchukua kisu.

"Keti basi. Nimchinje, ule."

"La, usimchinje. Mfuge kwanza, anenepe. Tutamhitaji." Saverio akategea sikio sauti ya jembe ng'ambo ya ukuta. "Jana nimezungumza na Masi. Nimemwambia maji ya chini yana baridi."

Akambusu mama yake kwenye paji la uso, akaondoka.

Venera akabaki na kuku mkononi. Si ndugu wa Masi watakaopika siku ya kwanza ya msiba. Ni baba wa ubatizo wa mtoto wake: nyumba hii, jiko hili. Akamwachia kuku, akakimbilia ukutani.

"Cettina! We Cettina! Mwambie mumeo afukie lile shimo! Leo hii, mwanangu, leo!"

Cettina akatokea dirishani, mtoto kiunoni.

"Na wewe pia, mama Venera?"

"Mimi nakuonya kwa mapenzi, haki ya Mungu—"

"Hata Saverio jana alisema kwa mapenzi."

Akafunga dirisha. Jembe la Masi halikusimama. Venera akasimama pale mpaka jua likapinda, na kuku anaparura miguuni pake, kisha akaingia ndani kumtafutia mahindi.