Jicho la Kushoto la Rofinus

Mume wangu alipofuka jicho la kushoto kwa sababu ya nguruwe. Zilikuwa siku za kuchuma kahawa, akipasua mianzi ya kuziba banda lao, kibanzi kikaruka. Mganga wa zahanati alilimulika kwa tochi, akasema hilo limekwisha, alitunze la pili. Tukiwa njiani kurudi Rofinus hakulalamikia maumivu hata mara moja. Aliniomba jambo moja tu, mtu asijue.

Nilimwelewa, ingawa nilikasirika. Kwetu huku milimani Manggarai jeraha la mjeledi huimbwa, na jeraha la banda la nguruwe utachekwa nalo mpaka uzikwe. Na Rofinus si mtu hivi hivi. Ndiye anayefungua caci, mchezo wetu wa mijeledi, kila tunaposherehekea mavuno. Mmoja anachapa, mwenzake anakinga kwa ngao ya ngozi ya nyati, kisha wanapokezana. Ukichapwa mgongoni damu ikatoka, unacheza na kuimba kama umekandwa mafuta. Ukichapwa usoni umeshindwa, unatolewa uwanjani, na ukitaka kutorudi tena maisha yako yote, hakuna atakayekuuliza. Anayeulizwa ni yule aliyekataa kuingia.

Kabla yake alikuwa akifungua baba yake, mzee Kanis. Yeye jicho lake la kulia lilikwenda na mjeledi ujanani, na wimbo wa jicho hilo unaimbwa hadi leo. Ukianza tu, mkwe wangu huinua kidevu na kutafuna tambuu polepole, kijiji kizima kimwone vizuri.

Basi tukaishi kwa kuficha. Watu waliambiwa ni macho mekundu tu, yatapona. Rofinus akimimina kahawa, mimi naweka kidole ukingoni mwa kikombe ili ajue pa kumiminia. Akielekea kugonga mwimo wa mlango, namsukuma kwa utani, na majirani wanasema tunapendana kama maharusi wapya. Usiku silali.

Sherehe ikakaribia, tukasikia kwamba wageni wa kilima cha pili wanamleta Vitalis, ambaye mkono wake hata wazee wanausifu. Vitalis anatumia mkono wa kulia. Mjeledi wa mtu kama huyo hukujia kutoka kushoto kwako, yaani kutoka gizani mwa Rofinus.

"Mwambie baba," nilimwambia. "Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Nimwambie nini, Tina? Kwamba Farasi Mwekundu amepofushwa na banda la nguruwe?" Hilo ndilo jina lake la uwanjani.

"Mwambie huoni."

"Nikisema sioni, watasikia naogopa. Na woga hauna dawa zahanati."

"Na hilo jingine likipigwa? Atakuongoza nani?"

"Si wewe upo?" akasema, akacheka peke yake.

Nikaenda kwa mama mkwe. Mama Agata alikuwa akiipasha ngoma moto ili ngozi ikaze, maana wanaopiga ngoma na upatu wa shaba siku hiyo ni sisi wanawake. Nilimmwagia yote, nguruwe, zahanati, kidole kwenye kikombe, nikamwomba amzuie mwanawe. Alisikiliza huku akiigeuza ngoma taratibu. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi niliingia nyumba hii kabla yako. Wewe piga ngoma." Siku ile nilimchukia.

Wageni walifika na matusi yao ya heshima. Rofinus alipoingia uwanjani amevaa kofia ya pembe, njuga zikilia kiunoni, mmoja wao akauliza mbona farasi wetu anatembea kama ng'ombe aliyelewa tuak. Rofinus akamjibu aje ampande aone. Watu wakaangua kicheko, mimi nikazidisha ngoma.

Wageni ndio huchapa kwanza. Mjeledi wa Vitalis ulimpata begani, ngozi ikafunguka, na Rofinus akaimba vizuri sana. Zamu yake ilipofika alichapa hewa. Hakumkosa Vitalis kidogo, alimkosa kabisa, na minong'ono ikapita uwanjani. Nikamwona mzee Kanis ameacha kutafuna.

Vitalis akainua mkono tena. Hapo ndipo Rofinus alipofanya jambo ambalo sikulielewa mara moja. Aliihamisha ngao kutoka kushoto, akaugeuza uso, jicho zima akalificha nyuma ya ukingo wa ngao. Akasimama hivyo, ametulia. Nilidhani hauoni mjeledi unakotoka, kumbe alikuwa akiusubiri. Alikuwa anampa Vitalis jicho lililokufa. Ngoma ikanipotea mkononi, Mama Agata akapiga peke yake.

Mjeledi ulimpata juu ya kope. Vitalis akatupa mjeledi chini, akaja kumkumbatia kama desturi inavyotaka, na Rofinus, damu ikimchuruzika hadi mdomoni, akaimba mpaka wanawake wa upande wa wageni wakafuta machozi. Kisha wakamtoa.

Nyumbani mzee Kanis alimwosha jeraha mwenyewe kwa maji ya moto. Mama Agata akafunga mlango.

"Mwambie mwanao," Mama Agata akasema.

Mzee alikamua kitambaa kwa muda mrefu. "Langu alilidonoa kuku," akasema.

"Kuku gani?" Rofinus akauliza.

"Kuku jike. Alikuwa anaatamia, nami nikainama kumnyang'anya yai."

"Na mjeledi, baba?"

"Mjeledi niliungoja mpaka mavuno. Mama yako alikuwa kwenye ngoma."

Rofinus alicheka hadi jeraha likaanza kutoka damu upya. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka hivyo tangu siku ya mianzi. Baba yake naye akacheka, wameshikana mabega, macho mawili mazima kati yao wote wawili. Huko nje vijana walikwisha kupata ubeti wa kwanza wa Farasi Mwekundu na jicho lake, na mzee akatuonya kwamba habari za kuku na nguruwe zife humu humu ndani.

Mama Agata hakucheka. Aliniletea kitambaa kikavu, akanishika mkono, yeye aliyepiga ngoma hiyo kabla yangu. Chuki yangu kwake ikaniisha hapo hapo.

Nikakibana kitambaa kwenye jeraha la mume wangu. Kidole gumba changu kikawa juu ya alama ya mjeledi, cha shahada kikafika kwenye jicho lake zima bila kujinyoosha. Katikati palikuwa na pua tu.