Darasa la Kwanza

Mama alifundisha darasa la kwanza miaka nenda miaka rudi, akatulea sisi sita peke yake, na kila Jumamosi akafagia kanisa. Sasa kumbukumbu imemtupa mkono.

Jumapili ile tulichelewa. Askofu alikuwa ameshaanza kuhubiri. Mlangoni Mama akaniponyoka, akaenda moja kwa moja hadi mbele, akawageukia waumini.

"Hamjambo, watoto?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamkimbilia nimtoe.

Kumbe kanisa zima limeshasimama: wazee wa kanisa, wanakwaya, hata fundi baiskeli mwenye mvi.

"Shikamoo, mwalimu!"

Akawatazama mmoja mmoja.

"Marahaba. Kaeni."

Mabenchi yakalia kwa pamoja. Nikageuka nimwombe Askofu radhi. Naye alikuwa amekaa, mgongo wima, mikono magotini.